Mti wa Shishamu: Jina la Mti na Jina la Mbao

Katika kamusi za zamani za Kiswahili limo neno moja ambalo siku hizi halisikiki sana vinywani mwa wasemaji, nalo ni sesemi. Maana yake hutolewa kwa maneno machache tu: mbao nyeusi. Msomaji makini atauliza papo hapo: mbao ya mti gani? Maana kila mbao ina mti wake, na kila mti una nchi yake, udongo wake na watu wake walioujua kabla ya msumeno kuufikia. Makala haya yanalifuata neno hilo mpaka kwenye mti ambao mbao zake zilivuka bahari kwa jina la namna hiyo. Msomaji ataona kwamba jina la mti na jina la mbao si kitu kimoja, na kwamba kuyachanganya hayo mawili kumeleta hasara kwa miti na kwa wanadamu vilevile.

Waarabu wanalo neno sasam kwa maana ya mbao nyeusi ngumu, na Waajemi wanalo neno hilohilo. Kwa Kihindi mti wenyewe huitwa shisham au sisam. Wapunjabi huuita tahli. Katika Kisanskriti, lugha kongwe ya dini na elimu ya Bara Hindi, huitwa shimshapa. Mimi nitauita shishamu, kwa kulitia jina la Kihindi katika matamshi yetu.

Mti wenyewe

Shishamu ni mti wa jamii ya mikunde, jamii iletayo kunde, maharagwe na njugu. Katika jamii hiyo upo ukoo mkubwa uitwao kwa Kilatini Dalbergia, wenye aina zipatazo 250, zilizotawanyika katika nchi za joto za Asia, Afrika na Amerika. Jina la ukoo huo lilitolewa mwaka 1782 na Linnaeus mwana, mtoto wa yule mtaalamu maarufu wa mimea wa Uswidi, kwa heshima ya ndugu wawili wa nchi yake walioitwa Dalberg. Shishamu yenyewe ilipewa jina Dalbergia sissoo na William Roxburgh, daktari wa Kiskoti aliyesimamia bustani ya mimea ya Calcutta tangu mwaka 1793. Yafaa tutambue kwamba nusu ya pili ya jina hilo si Kilatini wala si Kigiriki. Ni jina la wenyeji, lililoachwa lilivyo.

Mti huu hufikia kimo cha meta 25 hadi 30 penye udongo mzuri, lakini shina lake mara nyingi huwa limepinda, na seremala hulazimika kuchagua kwa uangalifu kipande kilichonyooka. Gome lake ni la kijivu, nene, lenye nyufa ndefu. Kila kikonyo hubeba majani madogo matatu hadi matano, yaliyopangwa kwa kupishana, kila moja likiwa pana kama sarafu na lenye ncha fupi iliyochongoka. Maua yake ni madogo, meupe yanayoelekea umanjano, yenye harufu nzuri, na nyuki huyapenda. Matunda ni maganda bapa, membamba kama karatasi, yenye mbegu moja hadi nne. Ganda halipasuki likikauka, bali huchukuliwa zima na upepo au maji, na penye unyevunyevu mbegu huota.

Mizizi yake ina vinundu ambamo huishi vijidudu vinavyoitwaa naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea, kama ilivyo kwa mikunde mingine mingi. Tena mizizi inayotambaa karibu na uso wa ardhi huchipuza miche mipya, hata mti mmoja ukawa kichaka. Kwa sifa hizi mbili, shishamu huweza kuishi mahali ambapo miti mingine hushindwa.

Makao yake

Mahali penyewe ni ukingo wa mto. Mito inayoshuka kutoka milima ya Himalaya hubeba kokoto na mchanga, na kila mwaka baada ya mafuriko huacha nchi mpya isiyo na rutuba. Shishamu ni miongoni mwa miti ya kwanza kuitamalaki nchi hiyo, ikifuatana na mti wa miiba uitwao khair. Hushikilia udongo kwa mizizi yake, huurutubisha kwa majani yanayopukutika wakati wa baridi, na hatimaye huandaa mahali pa miti mingine. Asili yake ni ukanda unaoanza nchi za Afghanistan na Pakistan, ukapita kaskazini mwa India, Nepal na Bhutan, hadi Assam na Bangladesh. Humea hasa chini ya meta 900 kutoka usawa wa bahari, ingawa huonekana pia juu zaidi. Huvumilia joto kali la kiangazi na baridi ya usiku inayokaribia kugandisha maji. Kitu kimoja tu haukivumilii: maji yaliyotuama katika udongo mzito wa mfinyanzi. Kwa ajili ya manufaa yake, umepandwa pia katika nchi nyingi nje ya makao yake ya asili, zikiwemo nchi za Afrika.

Watu wa huko waliujua mti huu kwa karibu hata ukaingia katika hadithi na mafundisho yao. Katika utenzi mkuu wa Ramayana, Hanuman alipotumwa kumtafuta Sita aliyetekwa, alijificha katika matawi ya shimshapa ndani ya bustani ya adui, akamwona mateka wake ameketi chini. Katika mapokeo ya Kibuddha husimuliwa kwamba Buddha, akiwa katika kichaka cha miti hiyo karibu na mji wa Kosambi, alitwaa majani machache mkononi, akawauliza wanafunzi wake ni yapi yaliyo mengi, yaliyomo mkononi au yaliyoko juu mitini. Walipojibu, akawaambia kwamba ayajuayo ni kama majani ya mitini, na aliyowafundisha ni kama yale ya mkononi, kwa kuwa hayo machache ndiyo yawafaayo. Sisi walimu tunauelewa mfano huo barabara. Lakini auelewaye zaidi ni yule aliyewahi kutazama juu akayaona majani ya shishamu jinsi yalivyo madogo na mengi yasiyohesabika.

Safari ya mbao na ya jina

Mti ulibaki kando ya mito yake, lakini mbao zilisafiri. Katika maandishi ya Wasumeri wa Iraki ya kale, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, hutajwa mbao iitwayo kwa jina lenye maana ya mti wa Magan, na Magan ni nchi ya Oman ya leo na jirani zake. Wataalamu wengi huitambua mbao hiyo kuwa ni shishamu. Baadaye mfalme Dario wa Uajemi, aliyetawala tangu mwaka 522 hadi 486 kabla ya Kristo, alipojenga jumba lake huko Susa aliandika katika bamba la kumbukumbu kila kifaa na mahali kilikotoka. Humo alitaja mbao iitwayo yaka, iliyoletwa kutoka Gandara na Karmania. Gandara ni bonde la Peshawar, nchi ya shishamu hasa, na wataalamu wameitambua yaka kuwa ni mbao hiyo.

Katika karne ya kwanza baada ya Kristo baharia mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki alitunga kitabu cha mwongozo wa Bahari ya Hindi, kiitwacho Periplus. Walimu wa historia wanakikumbuka kitabu hiki kwa sababu ndicho kinachotaja bandari ya Rhapta katika mwambao wetu wa Afrika Mashariki. Katika kitabu hichohicho imeandikwa kwamba kutoka Barygaza, yaani Bharuch ya Gujarati, vyombo vilipeleka katika bandari za Ghuba ya Uajemi shaba, mbao za ujenzi, magogo ya sasamina na magogo ya abunusi. Hapo twaona neno letu katika vazi la Kigiriki. Twaona pia kwamba mwandishi alizitenga mbao mbili, sasamina na abunusi, kila moja kwa jina lake.

Tofauti hiyo haikudumu. Kadiri mbao ilivyokwenda mbali na mti wake, ndivyo jina lilivyolegea. Katika Kiarabu watu wengine walilitumia neno sasam kwa shishamu, wengine kwa abunusi, na wengine kwa mbao yoyote ngumu yenye weusi. Katika Kiswahili cha pwani, ambako mbao zilishushwa jahazini zikiwa zimekwisha kuchongwa na kupasuliwa, sesemi limeandikwa kuwa mbao nyeusi, basi. Hapana kosa la mtu hapo. Seremala wa pwani hakupata kuuona mti ukitoa maua kando ya mto Indus au Ganga. Aliona ubao, akausikia uzito wake mkononi, akaupiga randa, akauita kwa rangi yake. Mpunjabi asemaye tahli huona mti na kivuli chake, lakini mwagizaji wa mbali husikia jina la bidhaa.

Reli na mashamba ya kuni

Zama za Waingereza zilileta haja mpya. Reli zilipoanza kujengwa katika Punjabi, makaa ya mawe yalikuwa mbali, nayo magari ya moshi yalihitaji kuni kwa wingi. Mwaka 1866 ulianza kupandwa msitu wa Changa Manga, kusini-magharibi mwa mji wa Lahore, katika nchi kavu iliyonyweshwa kwa mfereji. Mti mkuu uliopandwa ulikuwa shishamu. Msitu huo ungaliko hadi leo nchini Pakistan, nao huhesabiwa miongoni mwa misitu mikubwa na mikongwe ya kupandwa kwa mkono wa mwanadamu katika bara lile.

Jambo hili ni kubwa katika historia ya mti wetu. Shishamu ilipandwa. Wakulima waliipanda kandokando ya mifereji, barabara na mipaka ya mashamba. Kuni hupatikana baada ya miaka 10 hadi 15, na mbao njema baada ya miaka 30 hadi 60, muda ambao mkulima huweza kumpandia mwanawe.

Katika nchi zetu pia, wajukuu wa mafundi wa Punjabi wapo. Wengi wa wafanyakazi wapatao 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli ya Uganda, kati ya mwaka 1896 na 1901, walitoka Punjabi, na miongoni mwao walikuwamo maseremala na wahunzi wa Kisingasinga, ambao Kiswahili kiliwapa jina la Makalasinga. Mafundi hao walikuwa wamelelewa katika nchi ambako mpini wa jembe, gurudumu la mkokoteni na kitanda cha bibi arusi vilitokana na mti mmoja.

Matumizi

Thamani ya mbao imo ndani, katika kiini. Sehemu ya nje ya shina ni nyeupe na huliwa na wadudu upesi, lakini kiini huwa na rangi ya dhahabu au kahawia, chenye mistari myeusi, nacho huwasumbua mchwa wasikiweze. Kikikaushwa taratibu hakipindi ovyo. Hukubali patasi, hukubali msasa, na hung'aa kikipakwa mafuta. Kwa hiyo samani za heshima hufanywa kwa mbao hiyo. Miji ya Saharanpur katika India na Chiniot katika Pakistan imejipatia sifa kwa mafundi wake wa nakshi wanaoichonga. Mwili wa ngoma ndogo ya tabla, ile ya mkono wa kulia, mara nyingi huchongwa kwa shishamu. Hutengenezwa pia mashua, vipini, magurudumu na mbao nyembamba za kubandikwa juu ya mbao nyingine. Majani ni malisho ya mifugo, matawi ni kuni zenye moto mkali, na mizizi hulinda kingo za mito na mifereji zisimomonyoke.

Mti huu haukosi maradhi. Tangu miaka ya 1990 mashishamu mengi ya kupandwa katika Pakistan, India, Nepal na Bangladesh yamekuwa yakinyauka kuanzia vileleni, yakafa. Kuvu wanaoshambulia mizizi na mishipa ya maji wametajwa miongoni mwa sababu, na mashamba yaliyotuama maji huathirika zaidi. Mti wa mchanga umepandwa katika matope, nao umelipa gharama.

Jina moja, sheria moja

Sasa turudi kwenye jina. Wafanyabiashara wa Ulaya waliziita mbao za ukoo wa Dalbergia kwa jina lenye maana ya mti wa waridi, kwa ajili ya harufu nzuri ya baadhi yake zinapopasuliwa. Wachina nao huuza mbao za namna hii kwa jina hongmu, yaani mbao nyekundu. Chini ya majina hayo mawili huwekwa miti mingi isiyofanana hali. Upo mti wa kisiwa cha Hainan, ambao samani zake zilitukuzwa katika zama za Ming. Upo mti wa Thailand, Laos, Kambodia na Vietnam, Dalbergia cochinchinensis, uliowindwa katika misitu ya hifadhi hadi ukawa katika hatari kubwa ya kutoweka. Ipo pia shishamu, inayopandwa na mkulima kando ya shamba lake. Msituni mtaalamu huitambua kila mmoja kwa jani, ua na tunda. Bandarini hakuna jani wala ua: pana ubao mwekundu-mweusi tu, na afisa wa forodha aliye mbele yake.

Kwa sababu hiyo, mwaka 1992 mti wa waridi wa Brazil uliwekwa katika orodha ya juu kabisa ya ulinzi ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mwaka 2013 ule wa Thailand na jirani zake uliwekwa katika orodha ya pili. Wahalifu wakahamia aina nyingine na kudanganya majina. Hatimaye mkutano wa Johannesburg wa mwaka 2016 uliamua kuutia ukoo wote wa Dalbergia katika orodha hiyo ya pili, kuanzia tarehe 2 Januari 2017. Shishamu ikaingia pamoja na dada zake.

India, Nepal, Bhutan na Bangladesh ziliomba mwaka 2019 shishamu iondolewe, kwa hoja kwamba ni mti wa kupandwa na haumo hatarini. Ombi halikukubaliwa, kwa kuwa mbao zake zikishapasuliwa si rahisi kuzitofautisha na zile za aina zilizo hatarini. Mwaka 2022, mkutanoni Panama, iliafikiwa kwamba vitu vya shishamu ambavyo kila kimoja hakizidi kilo 10 za mbao viweze kusafirishwa bila kibali cha mkataba. Serikali ya India ilieleza wakati huo kwamba mafundi wapatao 50,000 walikuwa wameathirika. Basi fundi wa Saharanpur alipungukiwa na riziki kwa sababu ya mti asioukata, ulioko nchi asiyoijua. Lakini bila sheria hiyo, mti wa Thailand ungeuzwa kwa jina la mti wake. Hoja zote mbili ni za kweli, na chanzo chake ni kimoja: jina la mbao lililomeza majina ya miti.

Wala jambo hili si la Waasia peke yao. Mpingo wetu, Dalbergia melanoxylon, ni wa ukoo huohuo, na tangu mwaka 2017 umo katika orodha hiyohiyo. Hata hivyo vitabu vingi vya wageni huuita abunusi, na vinyago vya Wamakonde huuzwa kwa jina hilo, ingawa abunusi ya kweli ni ya jamii nyingine kabisa, jamii ya Diospyros. Katika Zambia na Katanga, mti wa mukula, ambao ni jamaa ya mninga, ulikatwa kwa pupa katika miaka ya 2010 na kupelekwa China, kwa kuwa huko ulihesabiwa miongoni mwa mbao nyekundu. Mwaka 2019 nao uliwekwa chini ya ulinzi wa mkataba. Wanakijiji waliujua kwa jina lake na kwa faida zake, lakini mnunuzi aliujua kwa rangi tu.

Wajibu wa mwalimu wa lugha

Pengine msomaji atasema kwamba mambo haya ni ya mabwana misitu. La hasha. Majina ni kazi yetu. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba mpingo, sesemi na abunusi ni maneno matatu ya kitu kimoja amepokonywa miti miwili. Tunapofundisha msamiati wa miti, haitoshi kutoa tafsiri ya neno moja kwa neno moja. Tumwulize mwanafunzi: jani lake likoje? Tunda lake likoje? Humea wapi? Wazee wa kwenu wanauitaje, nao wanautumiaje? Majibu hayo yakusanywe na kuandikwa, kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, maana wazee wanaoijua miti kwa majina wanapungua, na wanunuzi wanaoijua kwa rangi wanaongezeka.

Shishamu imesalia kwa sababu watu walioijua kwa jina waliendelea kuipanda. Neno sesemi limekaa katika kamusi zetu kwa muda mrefu bila mti. Tukilifundisha tena, tulifundishe pamoja na mti wake.